Wananihesabu kwa Neno Gani

Novemba 3, Jumapili

Nimefika Durban salama. Joto la hapa lina unyevu, nguo inakunata mgongoni hata ukiwa umekaa tu. Josiah alikuja kunipokea peke yake. Nilipomuuliza yule msichana yuko wapi akasema amebaki nyumbani anapika. Sijui kwa nini mtu anayetaka kuolewa na mwanangu wa pekee ashindwe kuja uwanja wa ndege kuniona.

Niandike nilichokuja kufanya, nisije nikajisahaulisha. Josiah anataka kumwoa Mchina. Ameniambia waziwazi kuwa hataoa bila neno langu, na namjua, akisema amesema. Nchi hii imenipa siku tisini. Kabla hazijaisha nitakuwa nimempa neno, la ndiyo au la hapana.

Anaitwa Suyun. Mwembamba, ana miwani, anafundisha Kichina na Kijapani. Aliniambia "Shikamoo, mama" bila kujikwaa hata kidogo. Aliyemfundisha kulitamka vizuri namna ile huenda alimfundisha na mengine.

Novemba 5

Chumba nilichopewa ni cha Suyun. Josiah anasema alikuwa amekipanga kama mpangaji mwingine yeyote. Sasa binti analala kwenye kochi sebuleni. Kila asubuhi nakuta shuka zimekunjwa juu ya kochi, nyoofu kama za dukani, na najiuliza kama kuna aliyezilalia. Sijasema kitu.

Novemba 6

Mvua kutwa.

Novemba 9, Jumamosi

Leo nimegundua jambo, na nikiwa jikoni nakoroga uji.

Jumamosi asubuhi Suyun hufundisha pale pale sebuleni. Wanafunzi wake ni wafanyabiashara, Wakongo na Warundi wengi wao, wanaoagiza magari ya mtumba kutoka Japani na bidhaa kutoka China. Mlango wa jikoni haufungi vizuri, na mimi sina kazi ya kuufunga.

Alikuwa anafundisha kuhesabu. Kumbe Mchina hawezi kusema "vitabu vitatu" akaishia hapo. Lazima aweke neno katikati: tatu, kisha neno la kuhesabia, kisha kitabu. Na neno lenyewe hubadilika kufuata kitu. Vitabu vina lao, *ben*. Vitu bapa, meza na karatasi na tiketi, vina *zhang*. Magari yana *liang*. Wajapani nao ni vivyo hivyo. Wanafunzi walikuwa wanaguna kwa uchovu, lakini mimi nilisimama na mwiko mkononi. Hizo ni ngeli! Miaka thelathini na minne nimefundisha ngeli kule Meru, nimewachosha watoto wa watu kwa A-WA na KI-VI, na leo nakutana nazo hapa Umbilo, mtaani kwa Josiah, zimevaa nguo nyingine.

Furaha ilidumu mpaka uji ukaiva. Kwa maana mwalimu wa Kiswahili anajua ngeli zinaweza kufanya nini. Ukitaka kumdharau mtu huhitaji tusi. Unamtoa A-WA unamtia KI-VI, anakuwa kijitu, anakuwa kizee hiki. Sasa huyu binti kila siku yuko kwenye simu na mama yake huko China, na bila shaka wananizungumza. Mimi wananihesabu kwa neno gani?

Novemba 10, Jumapili

Kanisani nimekutana na mmoja wa wale wanafunzi, Gloriose, Mrundi anayeuza vipuri vya magari kule Albert Park. Mama mcheshi, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Nikajitia sijui lolote, nikamuuliza Wachina wanahesabuje watu.

"Mwalimu, iko tatu," akasema. "*Ge* iko ya kila mtu, tu. *Wei* iko ya heshima, kama wewe. Na ya famille, watu wa nyumba, ni *kou*. *Kou* maana yake kinywa. Wale wa kula sufuria moja, donc ni vinywa."

Nilimwambia asiseme "iko ya heshima", aseme "ni ya heshima".

"Sawa, mwalimu," akasema. "Iko sawa."

Novemba 16, Jumamosi

Somo la leo lilikuwa Kijapani. Sungura wanamhesabu kwa neno la ndege. Suyun alieleza kuwa, inavyosemwa, zamani watawa walikatazwa kula wanyama wa miguu minne, basi wakamwita sungura ndege wakamla kwa amani. Wanafunzi walicheka sana. Samaki naye akiwa hai ana neno lake, akishafika sokoni anapewa lingine.

Mimi sikucheka. Watu wanaoweza kumgeuza sungura kuwa ndege ili wamle, sijui mimi watanigeuza nini.

Novemba 22

Nimemsikia. Alikuwa anaongea na mama yake huku anakata vitunguu, na nikasikia kama ninavyojisikia mwenyewe: *liang kou*. *Liang* hii si ile ya magari, ni mbili: vinywa viwili.

Humu ndani tuko watatu. Chai ya asubuhi tunakunywa vikombe vitatu. Nilikula chakula chake cha jioni nikiwa nimekaa hapo mezani, nikatafuna, nikameza, na hicho kinywa hakimo kwenye hesabu.

Novemba 30

Tumbili wameingia kupitia dirisha la jikoni wakachukua mkate wote. Josiah anasema ni kawaida. Nyumba gani hii, mkwe simwelewi na tumbili hawana adabu.

Desemba 7, Jumamosi

Suyun alirudi kutoka sokoni na lichi, yale matunda mekundu ya magamba, bado yako kwenye vijiti vyake. Tulikaa kibarazani tukazimenya, yeye na mimi tu, Josiah akiwa kazini. Akaniuliza kama Kiswahili nacho kina maneno ya kuhesabia.

Nikamwambia yapo machache. Ndizi zikiwa zote pamoja ni mkungu, ukiukata unapata vichana, na kwenye kichana ndipo ndizi moja moja. Mahindi ni punje. Dawa ni tembe. Zabibu ni kichala. Alikuwa anarudia kila neno polepole, midomo yake ikilijaribu. "Hizi basi ni kichala cha lichi," akasema, na nikakubali, kwa sababu ni kweli.

Nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilikaribia kumpenda. Ana njia ya kusikiliza ambayo wanafunzi wangu wazuri tu ndio waliokuwa nayo. Kisha akaniuliza, akiwa ameinamisha kichwa anafuta vidole, "Mama, ukirudi nyumbani, utasema nini juu yangu?"

Kumbe lichi zilikuwa na kazi. Nikamwambia nitasema nilichoona.

Desemba 14, Jumamosi

Leo misemo yenye namba. Mmoja unasema saba juu, nane chini: ndivyo Mchina anavyosema akiwa na wasiwasi, moyo unapanda na kushuka. Mwingine, mioyo mitatu, nia mbili: mtu asiyejua anachotaka, anayefanya jambo kwa shingo upande. Alipousema huo wa pili aliutazama mlango wa jikoni. Au labda alitazama saa, iko ukutani upande huo huo.

Moyo wangu tangu asubuhi ni saba juu, nane chini. Angalau somo nimelielewa.

Desemba 25

Krismasi. Kanisani asubuhi, wali na kuku mchana, nyimbo zetu za nyumbani kwenye simu ya Josiah. Alivaa shati nililomletea. Wakati Suyun anaosha vyombo alisogea akaniuliza taratibu, "Mama, vipi lile neno?"

"Mimi ni mgeni hapa," nikamjibu. "Mgeni hakimbilii kutoa neno."

Maji yalikuwa yanamwagika jikoni. Yakaacha kumwagika, kisha yakaendelea.

Januari 4, Jumamosi

Somo lilikuwa neno moja tu, *tiao*. Nilikuwa nimechelewa kutoka kuoga, nikasikia mwisho wake. Gloriose nilimkamata kwenye ngazi anatoka.

"Eish, mwalimu, hiyo *tiao* iko na kazi mingi. Iko ya mbwa. Ya nyoka. Ya samaki. Ya suruali pia."

"Ya mtu?"

Akafikiri. "Mtu hapana. Mtu hawezi kuwa *tiao*. Labda kama unamtukana."

Januari 11, Jumamosi

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Tangu mchana mbingu ilikuwa imevimba. Saa tisa hivi ngurumo zikaanza, upepo ukapiga mapazia, Josiah alikuwa ametoka kwenda kuangalia gari. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo. Suyun alikuwa kibarazani na simu, anaongea na mama yake kwa sauti ya juu kushinda upepo. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikiliza, ndiyo. Nasikiliza kila siku, kwa nini nijidanganye kwenye shajara yangu mwenyewe?

Nikasikia *ta mama*. Hayo nayajua sasa, mama yake, yaani mama yake Josiah, yaani mimi. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayelalamika. Halafu maneno nisiyoyajua, halafu, wazi kabisa, *yi tiao*. Moja, kisha neno la mbwa. Mvua ikamwagika wakati huo huo juu ya paa la jirani la mabati na sikusikia tena lolote.

Nilikaa kitandani. Kitanda chake. Nimelala kwenye kitanda cha mtu anayenihesabu na nyoka. Nikakumbuka yale yote, shuka zilizokunjwa, lichi, kile kichwa kilichoinama, vinywa viwili mezani pa watu watatu. Yote yakajipanga mstari mmoja. Nimefundisha watoto wangapi kwamba ngeli haidanganyi, kwamba ukitaka kujua mtu anakionaje kitu, msikilize anavyokipatanisha? Amenipatanisha na mbwa, na kwa mama yake mzazi.

Nililia. Si kwa hasira peke yake. Niliumia kwa sababu mchana ule wa lichi nilikuwa nimemwamini kidogo, na hilo dogo ndilo lililouma kuliko mengine yote.

Baadaye alikuja kugonga mlango. "Mama, chai?"

Nikasema nimeshalala. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Januari 12, Jumapili

Baada ya kanisa nilimwambia Josiah neno langu ni hapana. Aliniuliza sababu. Nikamwambia sababu anaijua aliyeko nyumbani. Alisimamisha gari pale kwenye robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa ya kijani, watu nyuma wakapiga honi, na hakuondoka mpaka ikawa nyekundu tena.

Januari 13

Kila mtu amekula kwa saa yake.

Januari 15

Josiah anakula amesimama jikoni. Amekonda usoni. Suyun amekusanya vitabu vyake kwenye maboksi. Mvua.

Januari 18, Jumamosi

Alifundisha leo kama kawaida, na sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililonitoa jikoni. Niliingia sebuleni katikati ya somo. Wanafunzi wote walisimama kwa heshima, nikawaambia wakae.

"Mwalimu Suyun," nikasema, "nina swali kama wanafunzi wengine. *Tiao* ni ya nini?"

Alinitazama. "Ni ya vitu virefu, mama. Mto. Barabara. Mkia. Mkanda."

"Na mbwa."

"Na mbwa."

"Na nyoka. Na mimi."

Gloriose alitazama viatu vyake. Suyun alivua miwani akaifuta, na bila miwani alionekana mdogo sana, kama msichana wa kidato cha pili. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba nilimsikia siku ya mvua, nilisikia *ta mama* na nilisikia *yi tiao*, na kwamba mimi si mtoto, ngeli nilizijua kabla hajazaliwa.

Akaikunja miwani mkononi. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa Kiswahili, "Mama, kwa Kiswahili, mbwa ni ngeli gani?"

"A-WA."

"Nyoka?"

"A-WA. Nyoka ameingia, nyoka wameingia."

"Na mama?"

Mama amefika. Nyoka amefika. Miaka thelathini na minne nimewaandika ubaoni pamoja, mama, nyoka, mbwa, mkizi, kunguni, na sikuwahi kuona kama nimemtukana mama wa mtu yeyote.

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko. Gloriose akamgeukia, "We, nyamaza." Kisha akawatoa wote nje, na yeye akatoka wa mwisho, akaniambia mlangoni, "Pole, mwalimu. Ile *tiao*, mimi nilisema nusu."

Tulibaki wawili. Nikamwambia, basi sema ulichosema siku ile.

Alisema kwa Kichina kwanza, polepole, kama anavyowasemea wanafunzi. *Ta mama gen women bu shi yi tiao xin.* Kisha akatafsiri bila kunitazama. "*Xin* ni moyo. *Yi tiao xin*, moyo mmoja. Watu wa moyo mmoja, wanaotaka kitu kimoja. Nilimwambia mama yangu: mama yake Josiah hana moyo mmoja na sisi." Akavaa miwani. "Nilikosea, mama?"

Ningeweza kusema alikosea. Ilikuwa rahisi. Lakini yule binti alikuwa ananitazama, na hakuwa amesema uongo hata neno moja.

"Hukukosea," nikasema.

"Na vinywa viwili?" nikamuuliza baadaye, maana bado lilikuwa linaniuma. "Mezani tulikuwa watatu."

"Mama yangu alikuwa ananiuliza jamaa yetu ni watu wangapi. *Kou* ni wa nyumba. Nilitaka kusema watatu. Lakini sikujua kama wewe unakubali kuhesabiwa. Baadaye ukasema mwenyewe, wewe ni mgeni."

Kwa hiyo alisikia siku ile maji yalipoacha kumwagika.

Januari 19, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nilikaa kibarazani na jambo moja halikuniachia.

Nilikuwa najiuliza inakuwaje moyo wa mtu uhesabiwe kwa neno la mto na mkia na mkanda. Uchina gani huu. Halafu nikayasema hayo maneno kwa sauti, mto, mkia, mkanda, na masikio yangu mwenyewe yakanisuta. Mto umejaa, mito imejaa. Mkia umekatika, mikia imekatika. Mguu, mkufu, mstari, mkono. Zote ni U-I. Na moyo? Moyo umeuma, mioyo imeuma. U-I. Mimi mwenyewe nimeuweka moyo humo humo, na mto na mkia, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nimeona haya. Nilikuja nchi ya watu kumkagua msichana, nikaishia kumshtaki kwa sarufi ya lugha yangu.

Nilimwomba Suyun atoe vitabu kwenye maboksi. Nilimwambia nimefanya haraka. Sikusema zaidi, mdomo wangu ni mzito kwenye mambo haya. Josiah alikula chakula cha jioni akiwa amekaa.

Januari 23

Sikukuu ya Wachina ni Jumanne. Nimejifunza kukunja vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani. Vyangu vinafumuka vikichemka.

Januari 28, Jumanne

Mkesha wa mwaka mpya wao. Kwao ilikuwa jioni, kwetu saa saba mchana, jua kali, madirisha wazi na Josiah akilinda yale ya jikoni dhidi ya tumbili. Meza ilijaa. Katikati kulikuwa na samaki mzima, na Suyun akasema asiguswe mpaka mwisho, ni desturi.

Simu ilisimamishwa juu ya kopo la sukari. Akatokea mama yake Suyun, mwanamke wa umri wangu, nywele fupi, amevaa sweta kwa baridi ya kwao. Tulitazamana. Na yeye alikuwa ananikagua, niliona, kuanzia kilemba mpaka vidole, na sikumlaumu. Mtoto wake ni mmoja, kama wangu.

Tangu asubuhi nilikuwa nimejizoeza maneno mawili tu. Nilijua ataniuliza, kwa sababu nilimwomba Suyun amwambie aulize. Naye akauliza, polepole ili nielewe: nyumba yenu hapo ina watu wangapi?

Suyun alifungua mdomo. Nikamshika mkono.

*San kou*, nilipaswa kusema. Vinywa vitatu. Nimelirudia bafuni, nimelirudia nikikunja vidonge. Nikavuta pumzi nikasema kwa sauti kubwa ya darasani:

"*San tiao!*"

Josiah aliweka uma chini. Suyun alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka, na kwenye simu yule mama alinikodolea macho, halafu akacheka mpaka akavua miwani akafuta machozi kwa mkono wa sweta. Akasema kitu kirefu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema," Suyun akajaribu kutulia, "anasema basi na yeye ni *tiao* moja. Tuko wanne."

Josiah alikuwa ananitazama mimi, si simu. Uso wake ulikuwa ule wa utoto, alipokuwa akiningoja nimalize kusahihisha insha yake. "Mama," akasema, "hilo ndilo neno?"

Nikamwambia ndilo. Apange tarehe ya harusi, na sarufi yangu Suyun ataisahihisha baadaye.